Mbegu Yako Iko Wapi?

Maandiko ya kusoma: Hagai 2:10–19, Mhubiri 11:1–6, 2 Wakorintho 9:6–11



Ujumbe huu niliuhubiri Jumapili iliyopita, lakini ibada ya kwanza walipata nusu tu kwa sababu ya muda, na ibada ya pili walikuwa wanaangalia mawingu. Siwalaumu. Mwezi wa pili ukielekea mwisho hapa kwetu, kuanzia Othaya mpaka Naro Moru, hakuna anayemwangalia mhubiri kuliko anavyouangalia mlima. Kwa hivyo nauandika wote hapa, msome mkiwa nyumbani, Biblia ikiwa wazi mezani.

Hagai ni kitabu cha sura mbili. Ukifungua kwa haraka unakiruka na kujikuta kwa Zekaria. Watu wa Yuda wamerudi kutoka Babeli, wamejijengea nyumba nzuri, na hekalu la Bwana bado ni magofu. Mashamba yamekuwa yakiwaangusha. Mtu anaendea rundo akitarajia vipimo 20, anakuta 10. Ukame umepita, ukungu umepita, mvua ya mawe imepita. Halafu siku ya 24 ya mwezi wa tisa, mwaka wa pili wa mfalme Dario, yaani mwaka wa 520 kabla ya Kristo, Mungu anawaambia kwamba tangu siku hiyo atawabariki. Lakini kabla hajawaambia hivyo, anawauliza swali. Anawauliza kama mbegu bado iko ghalani.

Hebu tusimame hapo kidogo. Mwezi wa tisa wa Wayahudi si Septemba. Ni kama Novemba na Desemba yetu. Wakati huo mvua ya kwanza imeshanyesha na mkulima wa Yuda ameshapanda. Kwa hivyo jibu la swali la Mungu lilikuwa, hapana Bwana, haiko. Ghala ni tupu. Shambani nako hakuna kitu cha kuonyesha, ni udongo tu. Na ni katika wakati huo, ghala tupu na shamba halijaota, Mungu anasema kuanzia leo nawabariki.

Sasa, ghala la mbegu huwa tupu kwa njia mbili. Ya kwanza, mbegu imeliwa au imeuzwa, imekwisha. Ya pili, mbegu imetoka kwenda mahali inapofanya kazi: iko kwa udongo, ama iko kwa jirani. Ukichungulia dirishani, maghala hayo mawili yanafanana kabisa. Ndiyo maana Mungu anauliza. Mbegu yako iko wapi?

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu nikitaja neno mbegu kanisani najua mikono inaenda wapi. Inaenda kwa simu. Tumezoea. Mtu akisema panda mbegu, tunangoja nambari ya kutuma pesa. Mimi naamini katika kutoa, na wanaonijua wanajua sitaacha kuhubiri zaka. Lakini neno hili limetumika vibaya mpaka kuna mama aliyechukua pesa ya mbegu ya kweli, ya kutia kwenye udongo, akaituma kwa mhubiri wa redioni aliyemwambia kwamba hiyo ndiyo mbegu. Mvua ikanyesha. Shamba likabaki tupu. Mhubiri hakuja kulima.

Someni 2 Wakorintho 9 mstari wa 10 polepole. Paulo anasema Mungu humpa mpanzi mbegu, na humpa pia mkate wa kula. Ni vitu viwili. Na sura hiyo yote inahusu nini? Inahusu mchango wa kuwasaidia watakatifu maskini wa Yerusalemu. Paulo hakuuweka mfukoni mwake. Rudini sura ya 8 mtaona aliwachukua ndugu waliochaguliwa na makanisa waandamane na mchango huo, ili mtu yeyote asimlaumu. Mbegu ya Paulo ilitoka kwa aliye nacho ikaenda kwa asiye nacho. Kwa hivyo leo nahubiri juu ya mbegu mbegu. Terere, managu, malenge, njahi, sukuma, kunde, dania. Zile ambazo ukizimwaga mezani kuku anakuja.

Miaka michache iliyopita, cucu mmoja wa kanisa hili alinisubiri mlangoni baada ya maombi ya Jumatano. Alikuwa ameshika kitambaa amekifunga fundo. Ndani yake mbegu za malenge, yale ya kienyeji ya zamani, makubwa ya rangi ya jivu. Alitaka kumpa mama mwenzake na yeye apewe mbegu ya terere. Lakini mjukuu wake aliye chuoni alikuwa amemwambia hiyo ni hatia, anaweza kufungwa. Akaniuliza, "Pasta, kumpa jirani mbegu ni dhambi?"

Mjukuu hakuwa anafanya mzaha. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, jinsi ilivyorekebishwa mwaka wa 2012, ilifanya kuuza na hata kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa kuwa kosa. Adhabu ilikuwa kifungo cha hadi miaka 2, au faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri, kumkinga mkulima na mbegu feki. Na mbegu feki ni janga, tusidanganyane. Nimewahi kununua pakiti ya karoti katika duka ambalo silitaji, na katika mistari kumi niliona majani kwa miwili. Mwenye duka akaniambia nimepanda vibaya. Kwa hivyo mwizi wa mbegu anafaa ashikwe. Lakini wavu uliotupwa kwa ajili ya mwizi ulimfikia na cucu mwenye kitambaa.

Nilimjibu kwamba si dhambi. Nikamsomea Mwanzo 1:29, ambapo Mungu anampa mwanadamu mimea pamoja na mbegu iliyo ndani yake. Nikamwambia pia kwamba sheria ya nchi tunaiheshimu, ndivyo Warumi 13 inavyotufundisha, na kwamba Katiba ya 2010 nayo ni sheria, tena ndiyo kubwa, na kifungu chake cha 11 kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Cucu alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akarudisha kitambaa chake kwa mfuko wa sweta na kwenda nyumbani. Woga wa korti hautolewi na mstari mmoja.

Kwa nini jambo hili ni zito kiasi hicho? Twende Mwanzo 47. Njaa imeshika Misri. Watu wameleta pesa zao kwa Yusufu, zimekwisha. Wameleta mifugo, imekwisha. Sasa wanakuja na kitu cha mwisho, miili yao na mashamba yao, wanasema watununue, tuwe watumwa wa Farao. Na wanaomba nini? Wanaomba chakula, halafu mstari wa 19 wanaomba mbegu, ili nchi isiwe ukiwa. Yusufu anawapa mbegu, na tangu siku hiyo moja ya tano ya mavuno ni ya Farao. Mungu alimtumia Yusufu kuokoa maisha ya watu wengi, hilo silipingi. Lakini oneni mtu asiye na mbegu anafika wapi. Shamba analo, jembe analo, nguvu anazo, mvua inanyesha, na bado anapiga magoti mbele ya mtu mwingine. Ndiyo maana Samweli alipowaonya Waisraeli waliotaka mfalme, katika 1 Samweli 8:15, aliwaambia kwamba mfalme huyo atachukua sehemu ya kumi ya mbegu zao. Alijua mahali panapouma.

Basi mwaka wa 2022, wakulima wadogo 15 walipeleka kesi katika Mahakama Kuu ya Machakos. Hawakufunga barabara. Hawakurusha jiwe. Na tarehe 27 Novemba mwaka jana, 2025, Jaji Rhoda Rutto akatoa uamuzi: vipengele vilivyomfanya mkulima kuwa mhalifu kwa kuhifadhi, kupeana na kubadilishana mbegu zake ni kinyume cha Katiba. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka wale mabinti watano wa Selofehadi, Hesabu 27. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, na desturi ikawa inawanyima urithi. Wakasimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa na kuhani na wakuu wote, wakasema shida yao. Musa akampelekea Bwana, na Bwana akasema mabinti hawa wana haki. Torati ikaongezewa kipengele kwa sababu ya wanawake watano waliouliza swali kwa heshima. Mbegu ni urithi, wapendwa. Cucu yako hakukuachia akaunti ya benki. Alikuachia njahi.

Nisisitize kitu kimoja, msije mkanishtaki. Uamuzi huo hautoi ruhusa kwa mtu kutia mchanga wa rangi kwenye pakiti na kuuza Karatina siku ya soko. Kudanganya ni kudanganya, kuna mahakama au hakuna.

Woga wa korti sasa hauna msingi. Lakini kuna woga mwingine ambao Jaji hawezi kuuondoa, na huu nimeukuta ndani ya kanisa, kwa watu wanaonena kwa lugha. Wanasema ukimpa mtu mbegu yako umempa na bahati ya shamba lako. Yake itazaa, yako itakauka. Kwa hivyo mama anaweza kukupa mboga kapu zima, akupikie, akufungie na ya watoto, lakini ukimwomba mbegu anasema zimeliwa na panya. Panya wa Nyeri wamesingiziwa mengi.

Mpendwa, kama bahati ya shamba lako iko ndani ya kibuyu cha mbegu, basi uliyemwamini ni kibuyu. Mwanzo 26:12 inasema Isaka alipanda katika nchi ile akavuna mia kwa moja, na inasema sababu yake ni kwamba Bwana alimbariki. Haisemi alificha. Na alipokuwa amepanda ni nchi ya Wafilisti, jirani zake hawakuwa hata wapendwa, walimfukia visima. Alichimba vingine.

Sasa someni Mhubiri 11 mstari wa 2. Sulemani anatuambia tugawie watu saba, naam hata wanane, kwa sababu hatujui ni baya gani litakalokuja juu ya nchi. Mimi nilidhani kwa muda mrefu kwamba mstari huu ni wa sadaka. Ukiusoma pamoja na mstari wa 4 na wa 6, ambapo anazungumza juu ya anayeangalia upepo asipande, na juu ya kupanda asubuhi na jioni, unaona yuko shambani. Ni ushauri wa mkulima. Kitu kikiwa katika nyumba moja, baya moja linatosha kukimaliza. Kikiwa katika nyumba nane, baya lazima litembee sana.

Nipe dakika nikuonyeshe jambo lililotokea Shamu, nchi ile ile Paulo aliyokuwa akiiendea alipoangushwa. Karibu na mji wa Aleppo kulikuwa na kituo kikubwa cha utafiti, ICARDA, kilichohifadhi mbegu za ngano, shayiri, dengu na njegere kutoka nchi nyingi kavu. Waliohifadhi mbegu hizo walikuwa na hekima ya Mhubiri. Walipeleka nakala za mbegu zao mbali sana, kaskazini mwa Norway, mahali panapoitwa Svalbard, ambako mwaka wa 2008 kulifunguliwa ghala lililochimbwa ndani ya mlima wenye barafu. Vita vikaja Shamu. Kituo cha Aleppo kikawa hakifikiki tena. Mwaka wa 2015 wenyewe wakaenda Norway, wakaomba mbegu zao, wakapewa. Wakazipanda Lebanoni na Moroko. Zilipozaa, mwaka wa 2017 walirudisha nyingine kule kule kwenye barafu. Nani aliwaokoa? Aliwaokoa yule waliyempa.

Hata sisi tuna benki yetu, iko Muguga, Benki ya Jeni ya Kenya, tangu mwaka wa 1988. Ni kazi nzuri, niiombee na wewe uiombee. Lakini hata hiyo benki haiwezi kufunga mlango na kukaa tu. Mbegu ina pumzi, na pumzi inaisha. Kila baada ya muda inabidi itolewe kwenye baridi, ipandwe, ivunwe, ndipo irudishwe. Mbegu ya kitunguu ukiiweka kwa droo miaka mitatu, unayo kumbukumbu ya kitunguu tu. Ni kama ile mana ya Kutoka 16. Kilichozidi siku yake kiliota mabuu.

Na hili halikutokea Shamu tu. Kuna mama katika kanisa hili, shamba lake liko upande wa Kieni, na mnajua Kieni, mlima unawapa kisogo. Miaka ile ya ukame, 2021 na 2022, alipanda njahi, ikakauka. Akapanda tena, ikakauka. Ghala likabaki na gorogoro moja. Alikuwa na wajukuu wanne ndani ya nyumba. Akaipika. Na mtu asimhukumu, tafadhali, kwa sababu Zaburi ya 126 inaposema juu ya wanaopanda kwa machozi, nadhani inazungumza juu ya usiku kama huo, wakati mzazi ameshika mbegu mkononi na mtoto anauliza tunakula nini. Machozi hayo yanamtoka anayepanda na yanamtoka anayeshindwa kupanda.

Mvua iliporudi hakuwa na njahi ya kwao. Ile ya dukani alijaribu, haikupenda udongo wake. Halafu akakumbuka kwamba dada ya mume wake, aliyeolewa Mukurwe-ini miaka mingi nyuma, alikuwa amebeba kidogo ndani ya kiondo siku ile anaenda kwa bwana. Akapanda matatu. Akamkuta wifi yake mzee, macho hayaoni vizuri, na njahi iko darini, ile ile, imepandwa na kuvunwa mwaka baada ya mwaka katika udongo mwingine. Akarudi Kieni na nusu gorogoro. Leo ukipita kwake unaona ua mzima umefunikwa na maua ya zambarau. Kama mama mkwe wake angekuwa mchoyo siku ile ya harusi, ingekuwa imekwisha.

Kuna pia wale ambao hawaogopi korti wala bahati. Wao wanaona haya. Wanasema managu na terere na thabai na kahurura ni mboga za shida, za enzi za guka. Wapeni muda. Managu hiyo hiyo sasa inauzwa Nairobi kwenye supamaketi, imefungwa kwa utepe kama zawadi. Na msisahau binti wa Ihithe, hapo Tetu, Wangari Maathai. Alipoanza kazi ya Ukanda wa Kijani mwaka wa 1977 na wanawake wa vijijini, wataalamu wa misitu walitilia shaka kama wanawake wasio na cheti wangeweza kukuza miche. Wanawake wakaokota mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha hata kwenye vyungu vilivyovunjika. Mwaka wa 2004 dunia nzima ikamwita Oslo kumpa Tuzo ya Amani ya Nobel. Si lazima ukubaliane na kila alichosema. Lakini kazi ile ilianza na mama anayeinama kuokota kitu ambacho wengine wanakikanyaga.

Sasa tufundishane kuhifadhi, maana nimeona mnakosea wengi, na Neno lina msaada mpaka hapa.

Wengi wetu tunakula maganda mazuri, na yale yaliyopinda, yaliyosahaulika mwisho wa msimu, ndiyo tunayaacha yawe mbegu. Kisha tunashangaa kwa nini kila mwaka maharagwe yanazidi kuwa madogo. Malaki 1:8, mnyama kipofu na kilema anapelekwa madhabahuni. Mbegu inachaguliwa mmea ukiwa bado mzima shambani: usio na ugonjwa, uliozaa vizuri, uliovumilia jua. Chagua kadhaa, usichague mmoja. Halafu ufunge uzi mwekundu, kama Rahabu alivyofunga dirishani Yoshua 2, ili mtoto akitumwa mboga ajue nyumba hiyo haiguswi.

Managu na nyanya, ngoja ziive kabisa. Kamua kwenye maji, acha siku mbili tatu mpaka ule ute ulegee, osha, anika kivulini juu ya kitambaa au sahani. Usianike kwenye gazeti, zitagandana nalo, utapanda habari za michezo. Terere ni rahisi, pukusa kichwa kikikauka, mmea mmoja unakupa maelfu. Malenge yana shida yake kwa sababu nyuki hajui mpaka wa shamba. Kama jirani amepanda aina nyingine karibu, mwaka ujao utapata kitu ambacho hamkijui ninyi wawili. Maharagwe yana adabu, hayachanganyiki sana.

Kisha ukavu. Walawi 11:37 na 38 ni mistari ambayo hakuna mtu anayeihubiri. Inasema mzoga wa kidudu ukianguka juu ya mbegu ya kupanda, mbegu ni safi. Lakini mbegu ikiwa imetiwa maji, imekuwa najisi. Angalia huruma ya Mungu hapo: panya aliyekufa ghalani hakumfanya maskini akose msimu. Ilikuwa sheria ya unajisi, najua, lakini kila mkulima anajua pia kwamba mbegu yenye maji ndiyo inayooza. Uma haragwe. Jino likiacha alama, rudisha juani. Likikataa kabisa au likapasuka, liko tayari. Changanya na jivu safi lililopoa kuzuia fukusi, tia kwenye chupa kavu, ujaze mpaka juu, ufunge kizibo. Andika jina, mahali ilipotoka na mwaka. Cucu zetu waliweka juu ya moshi wa jikoni na walikuwa sawa, lakini wengi sasa mnapikia gesi.

Kabla hujampa mtu, ijaribu. Chukua mbegu 10, zifunge kwa kitambaa chenye unyevu, angalia baada ya wiki. Zikiota 8, mpe kwa furaha. Zikiota 3, mwambie ukweli apande nyingi, au ukae nazo.

Haibridi usiweke mbegu. Sisemi ni mbaya. Mahindi ya haibridi yamesomesha watoto wengi wa kanisa hili. Lakini ukipanda mbegu uliyotoa kwa haibridi, watoto hawatafanana na mzazi, na jirani atafikiri umemlaghai. Hiyo nunua dukani, uweke risiti.

Na waru hatutabadilishana. Hapa nimekuwa mkali na wazee wengine hawakufurahi, lakini nimesimama hapo. Ugonjwa wa mnyauko unasafiri ndani ya waru inayoonekana nzuri kabisa, unaingia kwa udongo, na hautoki kwa urahisi. Ukimpa ndugu yako ndoo ya waru yenye mnyauko, umempa miaka ya hasara kwa jina la upendo. Mbegu ya waru itafutwe kwa wanaoikagua, watu wa KALRO kule Tigoni wanaweza kuelekeza, au muulize Wambugu Farm hapa mjini.

Basi Jumapili tarehe 1 Machi, baada ya ibada ya pili, meza zitawekwa karibu na jiko la kanisa. Leteni mbegu kwenye bahasha, zile za zaka zilizobaki za mwaka jana zinatosha, futeni jina la juu. Watoto wa Sunday school wataandika. Hakuna pesa itakayopita kwenye meza hizo, na kapu la sadaka halitakuja upande huo, nimeshamwambia mweka hazina. Mtu asiyekuwa na kitu aje na bahasha tupu, asisimame nyuma. Akivuna atarudisha kidogo, kwa yule aliyempa au kwa mwingine.

Mezani tutaanza na watu wa Kieni, kwa sababu mvua yao ni fupi na wakichelewa wiki moja wamekosa. Wa Tetu na Othaya mvumilie, kwenu inanyesha hata bila maombi. Wale wanaotoka Karatina na gari la saa nane, mwambieni msimamizi mapema awatangulize. Na yeyote aliye na njahi ya kienyeji kutoka Mukurwe-ini alete ya kutosha, maana nimeulizwa mara nne tangu Jumapili na sina hata chembe nyumbani.